Vidonge Nilivyovitupa Kabla ya Kuhesabiwa

Jumapili, Novemba 1996

Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu alfajiri na mvua haishuki. Chumba kimejaa joto. Nimefungua mlango, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, daftari liko magotini. Leo sikwenda kanisani. Niliogopa kusimama muda mrefu.

Ninaogopa. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na mengine nitalizunguka.

Jana nilianguka kazini nikiwa na kisu mkononi.

Ilikuwa saa nne hivi asubuhi. Kreti ya pili ya sangara ilikuwa ndiyo kwanza imemwagwa mezani. Masikio yakajaa sauti kama bomba lililofunguliwa, halafu taa za juu zikaanza kwenda mbali. Nilitaka kushika ukingo wa meza nikashika samaki, naye anateleza. Nilipopata fahamu nilikuwa chini kwenye maji ya baridi na Mama Kulwa, ambaye tunasimama naye bega kwa bega kila siku, ameniinua kichwa. Kisu changu kilikuwa kimesimama kwenye buti lake la kushoto. Kilitoboa mpira kikapita kati ya vidole vyake viwili.

Hakupiga kelele. Alikichomoa, akakiweka mezani, akamwambia msimamizi kwamba nimeteleza kwenye mafuta ya samaki. Msimamizi akanitazama kidogo, akasema nisafishe mahali nilipoangukia.

Nilisafisha. Nikakata minofu mpaka saa kumi na moja jioni. Kila nilipoinua kisu nilikitazama kwanza kimeelekea wapi.

Lakini sikuteleza. Nilianguka kwa sababu ya uongo wangu mwenyewe, na nitauandika hapa wote kama ulivyo.

Mwezi wa nne walikuja watu wa utafiti pale kiwandani, kwa ruhusa ya meneja, wakatupima presha mkononi sisi tuliopita miaka arobaini. Mimi nilikutwa na presha. Wakasema wanataka kujua watu wenye presha wanatumiaje dawa wanazopewa, na kwamba anayekubali atapata dawa bure. Nikaandika jina langu mwenyewe, sikubonyeza dole gumba. Darasa la tano nilifika.

Anayetufuatilia ni nesi kijana, anaitwa Kemi, binti wa upande wa Bukoba. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatatu, anakuja saa saba mchana, wakati wa chakula, anakaa kwenye chumba cha mlinzi getini. Ana sahani ya plastiki na kijiti bapa. Unampa kopo lako la dawa, anamimina vidonge kwenye sahani, anavisogeza kwa kijiti vitano vitano, anaandika. Halafu anakupima mkono. Halafu anakusomea maswali.

Kabla ya yote hayo anasema, "Shikamoo mama." Kwa adabu kabisa, na goti anakunja kidogo. Ninaitikia marahaba, kisha ninamdanganya.

Dawa niliyopewa ilikuwa kidonge kimoja cheupe kila asubuhi. Kazi yake ni kutoa maji mwilini. Ukikimeza saa kumi na mbili, saa moja na nusu umebanwa na mkojo, saa mbili umebanwa tena, na hivyo hivyo mpaka karibu adhuhuri. Kwa mtu anayekaa nyumbani si neno. Kwetu sisi kuna kibao.

Kibao ni kipande cha mbao chenye tundu. Kinaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa kutokea. Upande wa wanawake tupo kumi na wanane na kibao ni kimoja. Anayetaka kwenda chooni ananyoosha mkono, msimamizi akikubali anachukua kibao, anavua aproni, anavua buti, anavaa kandambili, anakwenda. Akirudi ananawa kwa maji ya dawa mpaka kwenye viwiko, anakanyaga beseni la dawa, anavaa tena. Kama kibao hakipo msumarini, unasubiri. Ukikichukua mara mbili kabla ya chakula, watu wanakutazama. Mara tatu, msimamizi anauliza.

Wiki ile ya kwanza nilikichukua mara tatu kwa siku, siku mbili mfululizo. Msimamizi ni kijana wa Dar, mdomo wake hauchelewi.

"Mama Jeni, kibao hiki tukiandike jina lako?"

Meza nzima ikacheka. Mwanamke mmoja akasema, "Mwacheni, mama kijacho huyo." Nina miaka arobaini na sita, nami nikacheka nao. Lakini wote tunajua kwamba anayekwenda chooni mara kwa mara anadhaniwa ana mimba, na anayedhaniwa ana mimba anaambiwa wiki ijayo asije. Hatuna barua ya kazi. Ni vibarua. Nimeona wawili wakiondoka hivyo, na mmoja wao hakuwa na mimba yoyote.

Basi nikaacha kumeza siku za kazi. Nikawa nameza Jumapili tu. Na siku za kazi sinywi hata maji asubuhi. Hapo mezani kwetu hakuna mwanamke anayekunywa maji asubuhi.

Siku ya kwanza ya kuhesabiwa vilibaki vidonge tisa visivyotakiwa kubaki. Nilivitazama jioni ya Jumapili, vimekaa kwenye kiganja kama mahindi madogo. Nikaenda chooni nikavimwaga shimoni.

Kwa nini sikumwambia Kemi ukweli? Nimejiuliza asubuhi nzima.

Kabla ya samaki nilifanya kazi kiwanda cha nguo, cha serikali. Nililetwa na kazi hiyo kutoka Kasulu, nikapanda treni mpaka Tabora na kutoka Tabora mpaka hapa, nikiwa msichana bado. Miaka hii serikali ilipoanza kuachia viwanda, walikuja vijana wenye mashati safi na madaftari. Walituamkia wote. Wakatuuliza kwa upole: mashine yako inasimama mara ngapi kwa siku? Ikisimama wewe unafanya nini? Nikawajibu ukweli wote. Nikasema pamba haiji, mashine inalala hata siku mbili, nasi tunakaa tunasukana nywele. Waliandika. Walishukuru.

Wiki tatu baadaye majina yalibandikwa ukutani, na safu yetu ilikuwa ya kwanza kupunguzwa.

Tangu siku hiyo, mtu mwenye adabu na daftari ananitisha kuliko askari.

Kemi anasema majibu yetu ni siri. Pengine ni kweli. Lakini chumba anachokaa ni cha mlinzi wa kiwanda, na meneja ndiye aliyempa kiti.

Nilitupa vidonge kila baada ya wiki mbili, mwezi wa nne mpaka mwezi huu. Hesabu yangu haikukosea hata mara moja. Kemi akaniambia, "Mama, wewe ndiye mgonjwa wangu wa mfano." Siku hiyo nilishindwa kula. Na bado, alipokuja Mama Kulwa, ambaye naye aliandikishwa kwenye utafiti, kunilalamikia kwamba anabanwa na kibao hakipatikani, nilimfundisha. Nilimwambia cha kufanya Jumapili jioni. Nilisema kama vile namwelekeza dukani.

Maswali ya Kemi ninayajua kwa moyo. Je, kuna siku ulisahau? Je, uliishiwa? Je, uliacha baada ya kujisikia nafuu? Je, ulitumia dawa za mganga? Yote najibu hapana, na yote ni kweli. Sijasahau hata siku moja. Kwenye karatasi ile hakuna swali la kibao.

Wiki mbili zilizopita alikuja na daktari wa utafiti. Daktari alinipima mwenyewe mara mbili, mkono wa kushoto na wa kulia, akatazama daftari la Kemi. Presha ilikuwa imepanda kuliko siku waliyonipima kwanza.

"Na dawa unameza yote?"

"Yote."

"Kila siku?"

Kemi akanijibia. "Huyu hakosi, daktari. Ni mfano."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Akasema basi dozi ni ndogo kwa mwili wangu. Akaandika vidonge vyeupe viwili badala ya kimoja, na kingine cha njano juu yake, chenye nguvu. Mama Kulwa aliingia baada yangu, akatoka na kopo kama langu.

Nilirudi nalo nyumbani, nikameza cheupe kimoja Jumapili iliyofuata kama kawaida yangu. Cha njano sikukigusa.

Halafu ikaja Alhamisi.

Niliamka mkono wa kushoto hauko. Ulikuwepo, niliuona, lakini haukuwa wangu. Nikajaribu kushika kiberiti, kikaanguka. Nikaenda kwenye kioo na mdomo ulikuwa umelegea upande mmoja. Nilisimama pale bila kuita mtu. Baada ya muda, kama wa chai kuchemka, vidole vikaanza kuwasha, vikarudi. Mdomo ukarudi.

Chumba cha mwisho katika uwanja wetu huu wa Pasiansi anakaa Mzee Petro. Alikuwa mlinzi, mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka barabarani. Sasa upande wake wa kulia umekufa. Mkewe humtoa nje asubuhi na kumsogeza kadiri kivuli kinavyosogea, na akitaka kitu anatoa sauti moja tu, hiyo hiyo kwa maji, kwa uji, kwa choo. Naye aliambiwa presha. Naye alikuwa akimeza dawa kichwa kikimuuma tu.

Yeye ana mke wa kumsogeza. Watoto wangu wako Kasulu kwa mama yangu, na mama yangu anafikiri mimi ni mzima. Nikipooza humu chumbani, wa kwanza kujua atakuwa mwenye nyumba.

Basi nikaogopa upande mwingine. Ijumaa na Jumamosi nilimeza kama alivyoandika daktari, vyeupe viwili na cha njano. Maji sikunywa, kwa ajili ya kibao. Jana ndiyo nikaanguka.

Dozi ile ilipangiwa mwanamke aliyemeza dawa miezi saba na bado presha ikakataa kushuka. Mwanamke huyo hayupo. Nilimtunga mimi.

Leo asubuhi nilihesabu kopo. Vimebaki thelathini na vitano. Kesho saa saba Kemi atahesabu. Kama ningekuwa mgonjwa wa mfano, leo vingekuwa vitatu tu, vya kesho asubuhi. Vya kutupa ni thelathini na viwili. Na nikivitupa, daktari atanipima, na kama mkono utaonyesha presha bado iko juu, ataongeza kingine. Na nikisema, sijui daftari lile linakwenda wapi.

Leo sikumeza chochote. Naogopa kumeza, naogopa kuacha.

Saa tano nilitoka taratibu, nikashika ukuta mpaka barabarani, nikaenda kwa Mama Kulwa. Anakaa juu kidogo kwenye mawe, chumba kimoja na mapacha wake. Nilimkuta mlangoni ameweka lile buti mapajani analiziba tundu kwa kiraka cha baiskeli.

"Karibu, mchinjaji," alisema bila kuinua uso.

"Mama Kulwa, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Buti ni la kampuni. Mguu ndio wangu, na mguu upo. Kaa, usije ukaniangukia tena."

Nilikaa. Nikamweleza ya Alhamisi, ya mkono na kioo, na kwamba jana sikuteleza. Aliendelea kupaka gundi. Nilipofika kwenye la kumwambia Kemi ndipo akasimamisha kidole.

"Unataka kumwambia nini?"

"Kwamba sikumeza."

"Na ulivyofundisha wenzako kutomeza, hilo nalo utamwambia? Au mimi nitakuwa nimejifundisha mwenyewe?"

Niliitazama gundi kidoleni mwake. Akacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Halafu mimi sikuzitupa, Mama Jeni. Wewe ndiye mwenye moyo wa kumwaga dawa chooni. Zangu zinapanda basi kwenda Magu."

"Kwa nani?"

"Kwa mama. Ana presha miaka na miaka, na kule duka la dawa hana cha kununulia. Mwezi wa sita alikuwa hapandi hata kizingiti. Nenda ukamwone sasa, anapalilia viazi, anatukana jirani. Kwenye daftari la Kemi anayemeza ni mimi. Kwenye mwili ni mama."

Nilicheka. Nasema kweli nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni.

"Na hizi mpya?"

"Nilituma Ijumaa, na kondakta ninayemfahamu. Nikaandika kwenye karatasi kama alivyosema daktari. Viwili vyeupe, kimoja cha njano, kila asubuhi."

"Anafuata?"

"Mama? Hasahau huyo. Anamezea uji, jua likichomoza."

Akanitazama. Nami nilikuwa namtazama. Mama yake amepona kwa kidonge kimoja. Vitatu daktari aliviandika kwa ajili ya presha ya binti asiyemeza. Na mimi, mzito nilivyo na presha yangu iko juu, vimenilaza chini siku ya pili tu. Jana mama yake amemeza, kama kifurushi kilifika. Leo amemeza tena. Yule ni mwanamke wa miaka sabini, mwembamba, na kesho jua litachomoza.

Mama Kulwa aliweka buti chini. Gundi hakuifunga. Akaingia ndani akatoka na kanga na mkoba, akaita Kulwa na Doto, akawaambia wakae kwa jirani mpaka arudi. Nilisema, tuandamane. Akasema, "Uandamane na nani, wewe ambaye unashika kuta?"

Alikwenda hatua chache, akageuka.

"Kesho nitakuwa sijarudi. Mwambie Kemi. Na langu mwambie."

"Lote?"

"Lote. Mwambie na la mama. Amwulize daktari mama ameze nini."

Akashuka kwenye mawe kwa haraka, ameshika kandambili mkononi ili asiteleze. Sijawahi kumwona akikimbia.

Sasa ni saa kumi. Kama alipata basi la saa saba, amefika. Kama alikosa, anasubiri barabarani. Sina njia ya kujua. Kila mtu anayepita kwenye uwanja huu namwangalia miguu kwanza kama amekuja kwa mwendo wa mtu mwenye habari mbaya.

Nilipotoka kwake nilikuja moja kwa moja kwenye kopo. Nilimimina vidonge kitandani nikavitenga, vitatu huku, thelathini na viwili huku. Mikono ilifanya yenyewe, imezoea. Nikavifunga vile vingi kwenye gazeti nikaenda navyo mpaka mlango wa choo. Nilisimama pale. Mke wa Mzee Petro alikuwa anamsogeza mumewe, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Sijawahi kumjibu mtu hivyo hapa uwanjani.

Nikarudi ndani.

Nimewaza Kemi atafanya nini. Anaweza kufunga daftari na kunitoa kwenye utafiti, na dawa ya bure ikaishia hapo. Anaweza kulia, bado mdogo. Anaweza kuongea na meneja kwa nia njema kabisa, kumwomba atupe vibao viwili, na kwa nia hiyo njema jina langu likafika ofisini. Hili la mwisho ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu ndilo linalofanana naye.

Lakini akihesabu thelathini na vitano hatahitaji nifungue mdomo kwanza. Vitano, vitano, vitano, mara saba. Ataona. Halafu ataniuliza, na swali hilo halitakuwa kwenye karatasi yake. Hapo nitamwambia la kibao, na la mkono wa Alhamisi, na la Mama Kulwa, na la bibi wa Magu. Nitaanza na bibi wa Magu, kama hatujapata habari zake.

Kama maandishi ya leo yamepinda, ni mkono huu. Bado unatetemeka, na mimi sijui ni dawa, au ni ugonjwa, au ni woga tu.

Vidonge nimevirudisha vyote kwenye kopo.